Chupa Iliyopotea Kwenye Santuri

Kariakoo,
14 Januari 2024

Mume wangu Beno,

Hujambo huko? Mimi bibi yako sijambo, magoti tu ndiyo yana maneno yao. Anayeandika hapa ni Severa, yule mama wa Rombo aliyepanga chumba cha mbele, anauza ndoo na mabeseni. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Shule sikuiona hata mlango, lakini mdomo ninao.

Kwanza, acha kunipigia simu. Hii simu uliyoniachia imeharibika. Mtu akiongea utadhani kamezwa na mtungi, unasema weee, mimi napata mbu-mbu-mbu. Andika barua. Atazibeba Ansbert, mteja wa Severa, wa huko huko Mpanda, anakuja kujumua mabeseni kila baada ya wiki mbili. Ni mtu mzima, hapotezi vitu vya watu.

La pili ndilo kubwa. Mashine ya santuri ya babu yako inaumwa. Sahani inazunguka, ngoma nazisikia, besi naisikia inanguruma, waimbaji wako mbali kama wamesimama Kigamboni. Chupa siisikii kabisa.

Unajua nasema sahani ipi. Ile ya bendi yao ya bandarini, yenye karatasi nyekundu katikati. Babu yako Pius hakuwa mwanamuziki, alikuwa kuli, kazi yake magunia. Siku ya kurekodi, mpiga chupa wao mkewe kashikwa uchungu, hakuja. Wakamwambia Pius, wewe kila kitu unakigongagonga, ingia humu. Wakampa chupa ya soda na msumari. Mimi nilikaa nje kwenye benchi na mimba ya mama yako Ritha. Nikasikia kule ndani: ting, ting-ting, ting. Nikamwambia mwanangu tumboni, huyo ndiye baba yako.

Pius hakuacha sauti kwenye simu. Picha zake zote kakunja uso kama anadaiwa. Ameacha hiyo chupa tu. Na tangu mvua za vuli naiweka sahani, natega sikio, naitafuta, haipo.

Wewe ni fundi wa minara ya simu, haya mambo ya sauti ndiyo chakula chako. Niambie nibadilishe nini. Nataka mashine ilie, ilie kweli, mpaka haya maghorofa yaliyoniziba jua yageuke kuniangalia.

Umekula? Usinijibu chipsi.

Ni mimi bibi yako, na dole gumba langu hapa chini, nimelipaka wino wa muhuri wa Severa,

Paskalina


Mpanda,
27 Januari 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua nimeipata. Ansbert alinikabidhi kwa mikono miwili kama hati ya kiwanja. Sijawahi kuandikiwa barua maishani mwangu, nimeisoma nimekaa chini ya mnara, wenzangu wakadhani nimeachishwa kazi.

Ugonjwa wa mashine nadhani naujua. Sindano imeisha. Sindano ikiisha, sauti nyembamba ndizo zinazokufa kwanza: chupa, matoazi, kayamba. Sauti nene kama ngoma na besi hubaki. Ndivyo hasa ulivyonieleza. Kwa hiyo tusikimbilie spika, tuanze na sindano. Mtafute fundi Sadalla pale Gerezani, yule wa redio za zamani, alimfahamu babu. Mwambie abadilishe sindano na ule mkanda wa mpira unaozungusha sahani. Santuri zifute kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, siyo kwa kanga uliyoshikia sufuria.

Jambo jingine utanigombeza. Ile senti hamsini babu aliyoibandika juu ya mkono wa sindano ili isiruke, itoe. Inakandamiza sana. Kila ukipiga, inakwangua sahani.

Sasa bibi, hilo la simu. Simu ni nzima, niliikagua mwenyewe nilipoondoka. Najua nini kinaendelea. Nikikuuliza umeshindaje, unanijibu bei ya mkaa, halafu unakata. Nimeelewa. Bado una kinyongo kwamba sikufika kwenye arobaini ya babu. Mnara ulikuwa umepigwa radi, wilaya nzima haina mawasiliano, bosi akasema atakayeondoka asirudi. Ningeondoka tu. Kila siku najiambia ningeondoka tu.

Kama barua ndiyo adhabu yangu, basi nitaandika.

Nimekula ugali na dagaa. Kweli.

Mjukuu wako,
Beno


Kariakoo,
10 Februari 2024

Mume wangu Beno,

Adhabu gani? Mimi nikitaka kukuadhibu nakuadhibu kwa mwiko, ulikua nao, unaujua. Arobaini haukuwepo, nililia, nikamaliza. Babu yako mwenyewe angesema mwache mtoto afanye kazi. Usinibebeshe vitu nisivyovibeba.

Mashine sasa. Sadalla amekuja. Amezeeka, meno hayana mpangilio, ila mikono bado mizuri. Kaweka sindano mpya, kaweka mkanda mpya, kapuliza vumbi mpaka tukapiga chafya wote. Nimeweka sahani. Ngoma ipo. Chupa hakuna.

Nikamwambia Sadalla, sindano yako feki. Akaniambia, "Mama Ritha, mbona inalia vizuri?" Nikamwambia inalia kwa mamako. Akaleta amplifaya yake mwenyewe, kubwa, ina taa kama basi la mkoani. Akaunganisha. Hakuna. Nikaona hapa tatizo ni spika, ile ya babu yako imechoka kama mwenyewe alivyochoka. Kabati langu la vyombo limeondoka, pale pale zimesimama spika mbili, kila moja urefu wa mbuzi aliyesimama wima. Usinipigie kelele za kabati. Vyombo vya nini? Nani anakuja kula?

Jumamosi tumewasha. Kalenda ya ukutani imeanguka. Mlinzi wa ghorofa la mbele kavuka barabara kuuliza harusi ni ya nani. Sadalla kasimama mlangoni, mikono masikioni, midomo inaenda. Nikamwambia ongeza. Kaongeza. Shadya wa chumba cha nyuma katoka na mtoto wake mgongoni, naye midomo inaenda. Kifua changu kinatikisika, Beno, besi naisikia mpaka kwenye mbavu.

Chupa hakuna.

Senti nimeitoa. Nimeifunga kwenye pindo la kanga. Tangu uliponiambia kwamba inakwangua, nimekuwa nawaza jambo moja na halinipi usingizi. Tangu Pius afe mimi napiga ile sahani kila siku, saa kumi, muda aliokuwa anarudi kutoka bandarini. Kila siku, miaka miwili. Au nimemsikiliza mpaka nimemmaliza?

Nijibu hilo. Mengine acha.

Bibi yako,
Paskalina


Mpanda,
21 Februari 2024

Bibi,

Shikamoo.

Shadya amenipigia. Analia. Mtoto hajalala vizuri wiki nzima, anashtuka, na anasema akija kukuomba upunguze unamwangalia tu, unatabasamu, unaendelea. Mlinzi naye kaenda kulalamika serikali ya mtaa. Bibi, watu hao ndio watakaokuokota siku ukianguka, mimi niko mbali.

Nimefikiria sana kabla ya kuandika haya. Sindano mpya, mkanda mpya, amplifaya, spika mbili, na bado unasema hakuna. Kwa utaalamu wangu jibu ni moja tu, santuri imelika. Ilipigwa sana na senti ikiwa juu yake. Chupa haitarudi hata ukileta spika za uwanja wa mpira. Na kama unajua hilo na bado unafungulia mpaka kalenda zinaanguka, basi nadhani hutafuti chupa tena. Unataka mtaa ukusikie.

Babu ameshaondoka, bibi. Inabidi tukubali.

Pasaka sitaweza kuja, nimepangiwa zamu.

Tafadhali punguza sauti.

Beno


Kariakoo,
2 Machi 2024

Beno,

Nimepata.

Nimezima. Mashine nimeifunika kwa kanga, na spika nimezifunika. Sadalla atakuja kuzichukua akipata mkokoteni. Mwambie Shadya mtoto wake alale.

Umeniandikia kama mtu wa mapokezi hospitali. Sawa. Ila hilo la mtaa unisikie nitalijibu, kwa sababu limenikaa hapa kooni. Mtaa upi, Beno? Wewe ulipozaliwa, nyumba hii ilikuwa na vyumba sita vya watu, na ya jirani sita, na tukigombana asubuhi mpaka adhuhuri tumesuluhishwa na watu ishirini. Wote wameuza, wamehamia Chanika, Mbagala, wengine wapo makaburini. Nyumba ya chini imebaki hii peke yake. Mchana wamejaa watu, huwezi kukanyaga, lakini wanaangalia bei, hawaniangalii mimi. Maduka yakishafungwa, Severa akipanda basi lake, Shadya akijifungia na mtoto wake, nabaki mimi na mlinzi, na mlinzi ananiogopa. Hakuna mtaa wa kunisikia. Ningetaka kusikiwa ningechagua kwingine.

Nilitaka kumsikia mtu mmoja.

Basi. Kula.

Paskalina


Kariakoo,
2 Machi 2024

Kaka Beno,

Karatasi hii ni yangu mimi Severa, nimeikunja ndani ya barua ya bibi. Yeye anadhani ni risiti ya Ansbert. Nisamehe kwa kuingia mambo ya familia, ila mimi ndiye ninayeandika na mimi ndiye ninayesoma, na nimechoka kunyamaza.

Chupa ipo.

Ipo kwenye sahani, tangu mwanzo mpaka mwisho, safi kabisa. Mimi naisikia nikiwa dukani na watu wakipigizana kelele za bei. Wiki ile Ansbert alisimama hapa akisubiri mzigo, kidole chake kikaanza kuigonga juu ya ndoo bila yeye kujua. Sadalla aliisikia siku ya kwanza. Alipokuwa anaziba masikio pale mlangoni alikuwa anapiga kelele, "Mama, hiyo hapo! Hiyo hapo!" Bibi aliona midomo tu.

Kaka, bibi hasikii. Sauti nene zinampata, nyembamba hazimpati. Mwezi wa kumi na mbili mnara mzima wa mabeseni uliporomoka nyuma yake, wateja wakaruka, yeye akaendelea kupeta mchele. Ndiyo maana simu zako anajibu mkaa, anabahatisha. Ndiyo maana alimtabasamia Shadya. Alidhani anasalimiwa.

Barua zako namsomea nikiwa nimemkabili, kwa nguvu, mpaka wateja wanageuka. Anaangalia mdomo wangu. Ya juzi, pale ulipoandika babu ameshaondoka, nilitaka kuparuka. Akaona mdomo umesimama. Akasema, "Severa, soma yote." Nikasoma. Akaniambia leta kanga mbili, akaenda kufunika mashine.

Sijamwambia. Nimejaribu, nimeshindwa. Utamwambiaje mwanamke kwamba mumewe yupo pale pale siku zote, ila ni yeye asiyeweza tena kumsikia? Yeye anaona bora santuri iwe imeharibika. Wewe ndiye anayekuita mume. Mwambie wewe.

Nimemzuia Sadalla asichukue kitu kwanza.

Severa


Mpanda,
13 Machi 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Nisamehe.

Zamu nimebadilishana na mwenzangu, nitamshikia yake mwezi mzima wa mvua. Ijumaa Kuu nipo hapo.

Usimpe mtu mashine. Sileti spika, sileti sindano. Nitafutie chupa moja ya soda, ya kioo, tupu. Msumari nitakuja nao.

Nilikuandikia kama fundi, na hata kama fundi nilikosea. Santuri haijalika. Hukummaliza babu kwa kumsikiliza. Mengine siyaandiki, nitakuambia nikiwa mbele ya uso wako, polepole, ukiniangalia.

Mume wako mjinga,
Beno


Kariakoo,
14 Aprili 2024

Mume wangu Beno,

Hujambo? Umefika salama, Ansbert amesema. Amesema pia umekonda, nikamwambia ulikonda hapa hapa nikikuangalia.

Nina mambo ya kusema, na ulipokuwepo hapa hayakutoka, kwa sababu nilikuwa na kazi ya kukutukana.

Uliponikalisha kwenye mkeka ukaniambia bibi, tatizo siyo mashine, nilikuita mshenzi mbele ya Sadalla. Nilisema umetumwa na Shadya. Nilikurushia kiatu. Nafuta yote, isipokuwa kiatu, kile kilikupata vizuri. Sadalla nimempelekea maandazi, kayala kumi na mawili na hajaniomba chai. Kwa Shadya nimekwenda mwenyewe. Nimemwambia mwanangu, ukinitaka nigonge begani, usiniimbie mlangoni. Amelia, nami nikalia, mtoto akatuangalia kama wendawazimu.

Yule daktari uliyenipeleka ni kijana mzuri ila anaongea akiangalia karatasi. Nilimwambia inua uso, baba, nami nikusikie. Akainua. Akasema hicho kidude cha sikioni kitakapopatikana kitanisaidia kwenye maongezi. Nikamuuliza, na chupa? Akaweka karatasi chini. Akasema sauti nyembamba namna hiyo, mama, zikiondoka zimeondoka. Nilimpenda kwa hilo. Hakunipamba.

Sasa la Jumapili ya Pasaka.

Ulipofunua ile kanga nilitaka kukuzuia. Nilisema moyoni, anataka nini, kunionyesha ninachokosa? Ukaweka sahani, sauti ndogo, ya watu. Ukakaa kwenye kigoda cha babu yako. Ukanichukua mkono wangu ukaukunja kwenye tumbo la chupa, ukaniambia shika. Nikaona unatega sikio. Mimi sikusikia kitu, Beno, nakwambia ukweli, kimya kama ndani ya gunia la pamba. Halafu ukapiga.

Ikaja kiganjani. Ting. Ikapanda mpaka kwenye kiwiko. Ting-ting. Ting.

Ulidhani nalia kwa furaha. Haikuwa furaha tu. Nilikuwa nahesabu. Pigo la tatu unalichelewesha. Ukarudia, ukalichelewesha tena. Nikataka kukugombeza ujifunze, halafu nikakumbuka ile benchi, na mimba, na jua, na mimi nikisema kimoyomoyo, Pius, unachelewa, watakutoa. Hawakumtoa. Amechelewa hivyo hivyo mpaka mwisho wa wimbo. Nilikuwa nimelisahau kabisa, kwa miaka yote niliyokuwa namsikia. Masikio yalikuwa yamezoea. Kiganja hakikuzoea.

Kwa hiyo spika kubwa nimemrudishia Sadalla, na kabati langu limerudi, limechubuka ubavu mmoja. Nimebaki na ile spika ndogo ya babu yako. Saa kumi naweka sahani. Severa akiwa dukani ananiinulia mkono chupa inapoingia, nami naanza. Wateja wanadhani tunauza chupa. Jana mmoja kaniuliza bei.

Severa akiwa amefunga, naanza mwenyewe. Sijui kama naingia sawa na Pius au nimemwacha nyuma. Hakuna wa kuniambia. Napiga tu. Nachelewesha pigo la tatu, sahani inazunguka, mwanga unaondoka ukutani, nashika chupa mpaka naona mkono wa sindano umefika katikati. Ndipo nainuka.

Usihuzunike kwa hilo. Nimelisema kwa sababu uliniambia nisikufiche tena vitu, na wewe usinifiche. Ukiwa mpweke huko juu ya minara yako uandike mpweke, usiandike dagaa.

Na sasa nataka unipigie simu. Ndiyo, simu. Jumapili, saa kumi. Nitaiweka mapajani, nitaona taa yake, nitapokea. Nitaongea mimi, wewe sikiliza. Nitakwambia bei ya mkaa, na safari hii ndiyo itakuwa habari yenyewe. Nikimaliza nitakata.

Ukitaka kunijibu, usipige kelele, utaumia koo bure. Gonga chochote hapo ulipo, kikombe, chuma cha mnara, chochote. Sitakusikia. Wewe gonga tu.

Mke wako wa kwanza, na dole langu hili hapa,

Paskalina